Shingo Huchoshwa na Kutulia

Mtazame wakala wa pesa kwa simu kibandani kwake saa sita mchana. Simu zake zimepangwa juu ya meza fupi, na kila mteja akitaja namba, yeye anainama kuiandika. Mteja akiondoka, wakala habadili mkao, anaendelea kusoma ujumbe wa WhatsApp. Usiku anajilaza kwenye kochi, kidevu kifuani, simu juu ya tumbo. Akiamka shingo imekaza, lawama anautupia mto.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi. Kikiwa wima, uzito huo hutua juu ya pingili 7 za shingo na misuli haipati shida kubwa. Kikiinama, misuli inayotoka kisogoni hadi mabegani ndiyo inayokizuia kisidondoke. Mwaka 2014 Kenneth Hansraj, daktari wa upasuaji wa mgongo huko New York, alikokotoa kwa kompyuta kwamba shingo iliyoinama nyuzi 60 hubeba mzigo wa kilo 27 hivi, kupita ndoo ya maji ya lita 20. Hesabu hiyo ilienea dunia nzima, na wazazi wengi wakaingiwa na hofu kwamba simu zinawaharibia watoto mifupa.

Naomba tuitulize hofu hiyo. Ile ilikuwa hesabu tu, hakuna mgonjwa aliyepimwa. Huko Rio de Janeiro, vijana 150 wa miaka 18 hadi 21 walichunguzwa jinsi wanavyoshika simu, na matokeo yaliyochapishwa 2018 hayakuonyesha uhusiano kati ya kuinama na kuumwa shingo. Shingo imeumbwa iweze kuinama. Kinachoichosha zaidi ni kubaki katika hali moja kwa muda mrefu: msuli uliojikaza bila kulegea hubana vijishipa vya damu vilivyomo ndani yake, damu hupungua, na msuli huanza kuuma. Usingizi haba na msongo wa mawazo huzidisha maumivu hayo, jambo ambalo wagonjwa wengi hawalitarajii.

Kwa hiyo simwambii mtu akae wima kutwa, maana huko nako ni kutulia. Inua simu ifike usawa wa kifua, egemeza viwiko, na kila baada ya nusu saa simama, zungusha mabega, tazama mbali. Kompyuta ya mapajani iwekee vitabu chini yake, utumie kibodi ya pembeni ukiwa nayo.

Lakini dawa ninayoiamini zaidi ni kuipa misuli nguvu. Nchini Denmark, wafanyakazi wa ofisini 198 walihusishwa katika utafiti uliochapishwa 2011. Waliovuta mpira kwa dakika 2 tu kwa siku, siku 5 kwa wiki, walipungukiwa na maumivu ndani ya wiki 10. Kwetu, tyubu kuukuu ya baiskeli inatosha. Ikate iwe utepe mrefu, kanyaga katikati, shika ncha mbili, kisha inua mikono pembeni hadi usawa wa mabega, viwiko vimekunjwa kidogo. Ishushe polepole. Anza na mivuto michache, uongeze kadiri unavyozoea.

Na kinyozi akimaliza kukukanda akataka kukizungusha kichwa ghafla mpaka shingo ilie, mkatalie. Mishipa miwili ya damu iendayo kwenye ubongo hupita ndani ya pingili za shingo, na mshipa ukichanika mtu anaweza kupata kiharusi.

Maumivu mengi ya shingo hupoa yenyewe ndani ya wiki chache. Usisubiri, hata hivyo, ukihisi ganzi au mkono kuishiwa nguvu, ukianza kupepesuka au kushindwa kuzuia mkojo, au kama maumivu yameanza baada ya kuanguka au ajali. Shingo iliyokakamaa pamoja na homa na kichwa kuuma vibaya inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Nenda hospitali saa hiyohiyo.