Hakuna Taimingi ya Mlima

"Fundi, niwekee taimingi ya mlima." Anaiomba mchuuzi anayepanda kutoka Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, na matenga ya usipa, anaiomba mkulima wa kahawa wa Litembo mwenye Honda aliyoachiwa na baba yake, na siku hizi anaiomba hata kijana aliyenunua pikipiki ya SanLG mwaka jana. Wote nawajibu hivyo hivyo, na sasa naandika ili nipumzike kujibu: taimingi ya mlima haipo. Kuna taimingi sahihi na kuna taimingi mbovu, basi.

Imani yenyewe inajulikana. Ukiwahisha cheche, mashine inapata nguvu. Ukizidi kuiwahisha, nguvu nazo zinazidi. Kwa hiyo fundi hodari ni yule anayelegeza skrubu, anazungusha sahani huku mwenzake anavuta mafuta, kisha anakaza pale masikio yake yanaporidhika. Wengi wameona jambo hili likifaulu mbele ya macho yao, ndiyo maana ni gumu kuling'oa. Walichokiona nitakieleza, maana kipo.

Kwanza cheche. Petroli ndani ya silinda haiwaki yote kwa mara moja. Moto unaanzia kwenye plagi na kusambaa, na kusambaa kunataka muda. Tunachotaka ni kwamba msukumo mkubwa kuliko wote uikute pistoni imeshavuka kilele cha mwendo wake na imeanza kushuka, nyuzi kama 15 hivi za mzunguko wa krenkishafti baada ya kilele. Ili hilo liwezekane cheche lazima itangulie. Mashine ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, mzunguko mmoja unachukua sekunde 0.04, ikifika 6,000, unachukua sekunde 0.01. Muda umebaki robo, kwa hiyo cheche inatakiwa kutangulia zaidi. Kwa pikipiki nyingi ndogo ambazo petroli yake haichanganywi na oili, ni nyuzi 10 hadi 15 kabla ya kilele zikinguruma taratibu, na karibu 30 zikikimbia. Aliyeunda mashine alizipima nyuzi hizo kwa vifaa, hakutumia masikio.

Sasa vuka hapo. Msukumo mkubwa unaikuta pistoni bado inapanda. Moto unaisukuma chini, krenkishafti inaisukuma juu, na nguvu uliyoinunua sheli inaishia kwenye ugomvi huo. Mashine inapungua nguvu na joto linapanda. Mbaya zaidi, petroli ambayo moto haujaifikia inabanwa na kupata joto hadi inalipuka yenyewe, na hapo ndipo unaposikia ule mlio wa kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Kuna madereva wanaoufurahia mlio huo. Wanasema mashine imechangamka. Mashine inapigwa nyundo kichwani mara elfu kadhaa kwa dakika! Endelea nayo hivyo na mzigo mgongoni, utakuja kufungua silinda ukute pistoni imetoboka. Dalili ya mapema zaidi ni kiki inayorudisha mguu kwa kishindo, kwa kuwa cheche imelipua kabla pistoni haijamaliza kupanda. Waliovunjika mguu kwa kiki hawahitaji maelezo yangu.

Hapo mjuaji huniambia: lakini mlimani hewa ni nyepesi, fundi. Kweli. Ziwa Nyasa liko kwenye mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, na vijiji vingi vya kahawa vya Umatengo, huko Mbinga, viko juu ya mita 1,300. Katika kupanda huko hewa inapungua uzito kwa karibu sehemu moja ya kumi, na mashine nayo inapoteza nguvu kiasi hicho hicho. Ni kweli pia kwamba kwenye hewa nyepesi moto unasambaa polepole kidogo, hivyo mashine inaweza kuvumilia cheche iliyowahi zaidi kwa nyuzi moja au mbili. Faida yake ni makombo. Hewa iliyopungua huwezi kuirudisha kwa bisibisi. Kinachoilemea mashine huko juu, zaidi ya mlima wenyewe, ni kabureta inayoendelea kumimina petroli ya kutosha hewa ya ziwani. Fungua plagi ukifika Mbinga. Ikiwa nyeusi kama masizi ya sufuria, shida yako si cheche.

Isitoshe, aliyepanda atashuka. Ile taimingi uliyoiwahisha kwa kusikiliza ukiwa kwenye baridi ya Mbinga inakwenda kufanya kazi Liuli, kule ziwani, kwenye joto na hewa nzito, na hayo mawili ndiyo hasa yanayoifanya mashine igonge. Ongeza petroli ya chupa ya soda ambayo mwenye nayo ameinyunyizia mafuta ya taa. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya uchakachuaji wa namna hiyo, na mafuta ya taa kwenye petroli huleta kugonga hata kama taimingi ni sahihi. Siku hizi kuna lami, kilomita zisizofika 70 kati ya Mbinga na Mbamba Bay, basi dereva anataka apande na gia kubwa, mafuta yamevutwa hadi mwisho, mashine ikinung'unika. Vyote hivyo kwa pamoja, juu ya cheche iliyowahishwa, ni maombi ya pistoni mpya.

Sasa, kile walichokiona wanaoamini taimingi ya mlima ni hiki. Pikipiki za zamani, kama Honda C70, CG125 za mwanzo au Suzuki A100, zina pointi, yaani vile vidole vya chuma vilivyofungwa kwenye ile sahani, vinavyofunguka ili cheche iruke. Kisigino cha pointi kinasuguliwa na shafti kila mzunguko na kinaisha. Kikiisha, mwanya wa pointi unasinyaa, zinachelewa kufunguka, cheche inachelewa. Pikipiki inakuwa nzito, ekzosi inaungua. Fundi wa masikio anapozungusha sahani, anairudisha cheche karibu na mahali pake, na mlima unapandika. Alitibu ucheleweshaji, mteja akadhani ameongezewa nguvu. Mwezi unaofuata anarudi kuomba "kidogo tena".

SanLG na ndugu zake zenye CDI (kisanduku cha elektroniki badala ya pointi) hazina hata sahani ya kuzungusha. Cheche inaamuliwa na CDI pamoja na kihisi kilichofungwa pembeni mwa sumaku, na mahali pake ni pamoja tu. Kwa hiyo wameibuka wanaotanua matundu ya kihisi kwa tupa, au wanaopunguza kile kipande cha chuma kinachoifunga sumaku kwenye shafti isizunguke. Sumaku ikiachia, inakula shafti, na hapo unanunua krenkishafti. Na akikwambia cheni ya taimingi imelegea, muulize injini yako ni ya aina gani. Zile za ukoo wa CG, ambao Honda iliuanzisha mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki hazipati matunzo, zinaendesha kamshafti kwa gia na kusukuma valvu kwa vijiti. Cheni hiyo haimo, ila bei yake utatajiwa.

Yanayofaa, haraka haraka. Mwenye pointi: zisafishe, kama zimechimbika badilisha pamoja na kondensa, weka mwanya wa milimita 0.3 hadi 0.4 kwa fila geji pale zinapofunguka zaidi. Bana karatasi ya sigara kati yake, zungusha sumaku kwa mkono kuelekea inakozungukia, uivute karatasi taratibu. Inapoachia, alama ya F kwenye sumaku iwe imelingana na alama ya kwenye injini. T ni kilele, usizichanganye. Imewahi? Punguza mwanya kidogo, au kama sahani inazunguka, isogeze kuelekea mzunguko. Imechelewa? Kinyume chake. Ukilazimika kutoka nje ya 0.3 na 0.4 ili alama zilingane, pointi zimekwisha. Mwenye CDI: hakikisha sumaku haijahama na kihisi kimekaza, mengine yaache. Wote: safisha chujio la hewa, pima valvu, kama injini yako inazo, ikiwa baridi (milimita 0.08 kwa Honda CG125), angalia klachi isiteleze, shusha gia mapema. Bado inalemewa? Punguza jino moja kwenye spoketi ya mbele. Kutoka 15 hadi 14 unapata mvuto zaidi kwenye gurudumu kwa asilimia 7, mwendo wa tambarare unapungua karibu kiasi hicho, na cheche haijaguswa.