Kebo ya Skrini: Tazama Tundu Kabla ya Kwenda Dukani

Parokia nyingi za huku kwetu sasa zina televisheni au skrini ya kompyuta ukumbini. Mafrateri nao wanapoandika tasnifu hupenda skrini ya pili, matini ya Kilatini upande mmoja na tafsiri upande mwingine. Mara nyingi kinachokwamisha ni kebo. Katekista aliyetoka Kaliua au Sikonge akinunua isiyofaa hapa Tabora mjini, kuja kuibadilisha ni nauli nyingine, na semina ya kipaimara itakuwa imeshapita.

Wasafiri wa njia ya zamani ya misafara walilijua tatizo la namna hii. Mwaka 1871, Stanley alipokuwa Zanzibar akifungasha mizigo ya kuja Unyanyembe na Ujiji, ilimbidi aulize kwanza shanga zipi hupokelewa wapi. Nyekundu zilikubalika Unyamwezi. Nyeusi zilitumika Ugogo, kwingine hakuna aliyezitaka. Ukishafika porini na shanga zisizotakiwa, umebeba uzito wa bure.

Basi tuanze na matundu. Tazama ubavuni mwa kompyuta mpakato, kisha nyuma ya skrini, uyapige picha kwa simu. Muuzaji ataelewa picha haraka kuliko maelezo.

VGA ina vijitundu 15 katika safu tatu, mara nyingi ni ya buluu, na ina sehemu za skrubu kando. Ni ya tangu 1987, na ndiyo utakayoikuta kwenye skrini kuukuu za msaada. Haibebi sauti, hivyo filamu ya katekesi itahitaji waya mwingine wa spika. HDMI ni nyembamba, kona zake mbili za chini zimebanwa, nayo hubeba picha na sauti pamoja. DisplayPort hufanana nayo, ila imekatwa kona moja tu. Hizi mbili ndizo watu huzichanganya dukani.

USB-C, ile ndogo kama ya simu za siku hizi, ndiyo yenye mtego. Si kila tundu la USB-C hutoa picha. Mengine ni ya kuchaji na kuhamisha mafaili tu. Soma maelezo ya modeli ya kompyuta yako kabla ya kutoa hela. Kebo nayo si moja: iliyokuja na chaja ya simu kwa kawaida haipitishi picha, hata kama inaingia vizuri kabisa.

Matundu yasipofanana, utahitaji adapta, na adapta ina mwelekeo. Ile ya kutoka HDMI kwenda VGA ina kifaa ndani kinachogeuza mawimbi ya dijitali kuwa ya analojia, na hairudi kinyumenyume. Kompyuta kuukuu ya VGA na televisheni ya HDMI zinataka adapta nyingine kabisa, ambayo kwa kawaida huhitaji pia umeme kutoka tundu la USB. Kwa hiyo dukani anza kutaja kompyuta, kisha skrini: “natoka VGA, nakwenda HDMI.” Ukizigeuza, utauziwa kisichofaa bila muuzaji kuwa na kosa.

Urefu upime kwa kamba. Mezani mita 2 zinatosha. Ukumbini, kebo ya kawaida ya HDMI ikizidi mita 10 picha huanza kukatikakatika.

Ukishachomeka, chagua kwenye skrini tundu ulilotumia, kisha kwenye kompyuta ya Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P. Kwa semina chagua Duplicate, ili mwezeshaji aone kile wanachoona waamini. Kwa tasnifu chagua Extend.

Umeme ukikatika, kompyuta itaendelea kwa betri huku skrini ikizimika, kwa hiyo hifadhi kazi yako mara kwa mara. Msimu wa mvua, radi zikianza, chomoa waya wa umeme wa skrini ukutani na kebo ya picha pia, maana umeme wa radi unaweza kupitia humo hadi kwenye kompyuta.