Kitambi si cheo

UKISHUKA matatu pale Makongeni, Thika, jioni ya Jumamosi, huna haja ya kutafuta chakula. Chakula ndicho kitakachokutafuta. Chipsi zinachemka mafutani, mutura inageuzwa makaani, chapati zimepangwa zikikungoja. Ukishashiba unapanda bodaboda hadi mlangoni pako. Mwaka ukiisha jirani anakupongeza: "Siku hizi una afya! Naona biashara inalipa."

Jirani huyo huyo ndiye atakayesema matangani, "Jana tu tulicheka naye, alikuwa mzima kabisa," na minong'ono ya kurogwa ianze.

Hebu tuuache uchawi kando kidogo. Moyo ni msuli mkubwa kama ngumi ya mwenyewe. Mwili ukinenepa kupita kiasi, moyo hulazimika kusukuma damu nyingi zaidi, usiku na mchana, bila likizo. Miaka ikipita hutanuka na kuta zake huwa nene. Presha na kisukari, ambazo hupenda kuandamana na unene, huharibu mishipa yake. Sasa, moyo huendeshwa na umeme wake wenyewe, na katika msuli ulioharibika umeme huo waweza kupotea njia. Hapo moyo hausukumi damu tena, unatetemeka tu. Mtu huanguka, na dakika chache zatosha kumaliza maisha.

Watafiti wa mji wa Framingham, Marekani, walioanza kuwafuatilia wakazi wake mwaka wa 1948, walieleza mwaka wa 1983 kwamba unene peke yake, hata bila presha, huongeza hatari ya maradhi ya moyo.

Usidhani ni ugonjwa wa Wazungu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulionyesha kuwa asilimia 27 ya Wakenya watu wazima walikuwa na uzito uliozidi. Kwa wanawake, asilimia 38.5. Lililonishtua zaidi ni kwamba zaidi ya nusu hawakuwa wamewahi kupimwa presha hata mara moja. Gari twalipeleka kwa fundi, moyo je?

Chukua futi ya fundi wa nguo, ujizungushie kiunoni, usawa wa kitovu, bila kuvuta tumbo ndani (najua utajaribu). Kipimo kikizidi nusu ya urefu wako, nenda ukapimwe presha na sukari. Na ikiwa kifua hukubana unapopanda ngazi, umewahi kuzirai ukifanya kazi, au mwenzako anasema unakoroma hadi pumzi inakatika, usingoje mwisho wa mwezi.

Na je, mtu akianguka mbele yako, asiitike wala kupumua sawasawa? Usimmwagie maji. Mlaze chali, piga kelele watu watafute gari la kumkimbiza hospitali, kisha weka viganja viwili katikati ya kifua chake na ukandamize kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Ukichoka, mwingine apokee.