Chachu Katika Asali Hutambuliwa kwa Mafuta Yake

Leo tuzungumze juu ya asali inayochacha.

Umerina asali yako hapa Igunga, umejaza ndoo, umeiweka ndani ukingoja mnunuzi. Baada ya majuma kadhaa unafunua, unakuta povu na harufu ya pombe. Mnunuzi anaonja, anakunja uso, anasema umetia maji. Wewe unajua hukutia hata tone. Basi nani kaiharibu?

Kaiharibu chachu. Chachu ni kiumbe hai kidogo mno, hakionekani kwa macho matupu. Hula sukari, hutoa pombe na hewa ukaa, na ndiyo hilo povu. Lakini chachu si aina moja. Hamira ya maandazi huitwa Saccharomyces cerevisiae, nayo haistawi katika asali nzito. Mpika wanzuki analijua jambo hili: kwanza huongeza maji, ndipo asali ichache. Iko jamii nyingine, Zygosaccharomyces, inayostahimili sukari nyingi. Hii asali ikipata unyevu kidogo tu, huanza kazi. Kwa hiyo, povu peke yake si ushahidi kwamba umetia maji.

Sasa, mtaalamu hujuaje ni chachu ipi? Akizitazama kwa darubini, nyingi zinafanana, kama mayai madogo. Njia mojawapo ni kuchunguza mafuta yaliyomo mwilini mwake.

Mafuta wewe unayafahamu. Mawese huganda kukiwa na baridi, mafuta ya pamba hubaki majimaji. Sababu ni kwamba yamejengwa kwa asidi za mafuta zilizo tofauti. Mawese yana asidi palmitiki nyingi, karanga ina oleiki nyingi, mbegu za pamba na alizeti zina linoleiki nyingi. Chachu nazo ni hivyo hivyo. Hamira hujitengenezea oleiki na palmitoleiki kwa wingi, lakini linoleiki haiwezi kuitengeneza. Zygosaccharomyces huweza. Basi linoleiki ikionekana, mtaalamu anajua hii si hamira. Chachu nyingine nazo zinayo, kwa hiyo hulinganisha pia kiasi cha kila asidi.

Katika miaka ya 1980 wataalamu wa chuo kikuu kilichoko Bloemfontein, Afrika Kusini, walizipanga chachu nyingi kwa njia hii. Chachu huoteshwa, huchemshwa na dawa kali ili mafuta yatoke, kisha asidi hizo hugeuzwa mvuke na kupitishwa katika mashine inayozitenganisha moja moja. Siku hizi wataalamu hutumia zaidi kusoma vinasaba.

Lakini kuna sharti. Chachu iliyokua penye baridi hubadili mafuta yake. Ndiyo maana zote huoteshwa kwa chakula kimoja, joto moja na siku zile zile. Nawe ukitaka kulinganisha mbegu mbili za pamba, si unazipanda shamba moja, siku moja? Ndivyo hivyo.

Mashine hiyo huna, wala huihitaji. La muhimu kwako ni hili: chachu ya asali hutoka kwenye maua na mzinga, haikosi kuwamo. Ukiinyima maji, hulala tu. Asali yenye maji chini ya sehemu 17 kwa mia haichachi. Ikipita sehemu 19, hatari ni kubwa. Basi fanya haya:

1. Rina masega yaliyofunikwa kwa nta. Yaliyo wazi bado yana maji mengi. Yaache nyuki wayamalize.
2. Usirine mvua ikinyesha.
3. Tumia ndoo safi, kavu kabisa, yenye mfuniko unaobana. Asali hunyonya unyevu wa hewani.
4. Usichanganye asali iliyochacha na nzuri. Chombo chake kioshe kwa maji ya moto, ukikaushe juani.
5. Siku ya kurina, omba bwana nyuki aipime maji, uandike kipimo hicho. Mnunuzi akija na maneno, mwonyeshe.

Jasho lako lisiishie kwenye povu.