Kasuku Husema au Hutamka? Uteuzi wa Vitenzi katika Tafsiri

Mfasiri wa maandishi yahusuyo ufugaji wa ndege hukabiliwa na tatizo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo: je, ndege afundishwaye maneno ya binadamu husema, hutamka, hunena au huiga? Kiingereza aghalabu hutumia kitenzi kimoja kwa mtu na kwa ndege. Mfasiri akikifuata kitenzi hicho bila kupima maana, huenda akatoa dai ambalo mwandishi wa awali hakulikusudia. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba vitenzi tulivyo navyo vyatosha, ilimradi kila kimoja kiwekewe mpaka wake.

Tuanze na jina. Ndege azungumziwaye zaidi katika maandishi hayo ni kasuku mdogo wa Australia, mwenye mkia mrefu, ambaye porini huwa na rangi ya kijani na manjano. Mtaalamu wa ndege John Gould aliwafikisha Uingereza wakiwa hai mwaka 1840, na tangu hapo wamefugwa katika nchi nyingi. Neno "kasuku" likitajwa peke yake huweza kumletea msomaji picha ya yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mkia mwekundu, atokaye katika misitu ya Afrika. Kwa hiyo twapendekeza atajwe kwanza kwa ukamilifu, "kasuku mdogo wa Australia", kisha "kasuku mdogo" katika sehemu zifuatazo.

Sauti ya ndege haitoki katika zoloto kama ya binadamu. Hutoka kifuani, pale njia ya pumzi inapogawanyika kuelekea mapafu mawili, ambapo tando nyororo hutikiswa na hewa. Porini kasuku mdogo huishi katika makundi na hujifunza milio ya wenzake. Afugwapo peke yake, mtu ndiye huwa mwenziwe, na maneno ya mtu huchukua nafasi ya milio hiyo.

Mafunzo yenyewe hupitia hatua tatu, na kila hatua yadai kitenzi chake. Kwanza ni kumzoeza: ndege, hasa dume aliye mchanga, huzoezwa mkono na sauti ya mtu mmoja mpaka hofu imtoke. Pili ni kumkariria: mfugaji husema neno fupi, kwa mfano jina la ndege huyo, polepole na kwa sauti ile ile, kila siku wakati nyumba imetulia. Izingatiwe kwamba katika hatua hii anayekariri ni mwalimu, si mwanafunzi. Tatu ni kuiga: baada ya majuma au miezi, ndege huanza kunong'ona vipande vya neno, kisha hulitamka zima.

Matokeo yaweza kushangaza. Huko Uingereza, kasuku mdogo aliyeitwa Sparkie Williams, aliyeishi kuanzia mwaka 1954 hadi 1962, alijua maneno zaidi ya 500 na alishinda shindano la BBC la mwaka 1958. Hata hivyo, wingi wa maneno si kipimo cha maana. Ndege awezaye kumwamkia mgeni huweza pia kuuamkia ukuta. Hapa "kutamka" ndicho kitenzi cha haki.

Kuna mfano mwingine unaotulazimu kuwa waangalifu zaidi. Mwaka 1977 mtafiti Irene Pepperberg wa Marekani alianza kumfundisha kasuku wa kijivu aliyeitwa Alex. Hakumkariria tu. Watu wawili walikaa mbele ya ndege. Mmoja aliuliza jina la kitu, mwingine alijibu, na aliyejibu sawasawa alipewa kitu kile kile alichokitaja. Ndege naye alishindania zamu yake. Hadi kufa kwake mwaka 2007, Alex aliweza kutaja vitu vipatavyo 50, kutofautisha rangi 7, na kueleza idadi hadi 6. Mtafiti mwenyewe hakudai kwamba ndege huyo alikuwa na lugha kama ya binadamu. Basi kwa Alex kitenzi "kutaja" chafaa, kwa kuwa neno lilifungamana na kitu. "Kunena" na "kuzungumza" tuwaachie watu.

Twapendekeza basi mpangilio huu: kuzoeza, kwa kufuga na kutuliza, kukariri, kwa kurudiarudia, kuiga, kwa kufuata sauti, kutamka, kwa kutoa neno, kutaja, kwa kulihusisha neno na kitu chake.

Tofauti hizi hazina faida kwa wafugaji peke yao. Mwalimu aandikaye katika ripoti kwamba mwanafunzi "anajua" fasili, ilhali ameitamka tu, amemfichia mzazi jambo kubwa. Vivyo hivyo istilahi mpya ikipelekwa maofisini katika orodha tupu, itakaririwa na kutamkwa, lakini siku ya kuandika barua mtumishi atarudia neno la kigeni. Ifaayo ni kuipeleka pamoja na kitu chenyewe: sentensi halisi, fomu halisi, kazi halisi. Wasomaji waliokwisha kukutana na vitenzi hivi katika tafsiri zao wanaombwa watuletee mifano, ili mipaka tuliyoipendekeza ipimwe.