Kinu cha nyuklia hakijengwi na nchi moja

Wadau wa Kibaha na Kisarawe, tukisikia Warusi wanajenga mtambo wa nyuklia Misri tunadhani kila fundi katoka Urusi. Wapi!

Mtambo uko El Dabaa, pwani ya Mediterania: vinu 4, kila kimoja megawati 1,200, zege la kwanza Julai 2022. Rosatom ya Urusi ni mkandarasi mkuu na ndiyo inaleta vinu na mafuta yake. Agosti 2022 Wakorea wa KHNP wakapewa majengo ya upande wa turbini. Ujenzi mwingine wakachukua Wamisri, wakiwemo Arab Contractors. Hao jamaa tunawajua, ndio waliojenga Bwawa la Nyerere pamoja na Elsewedy kule Rufiji, mkoa wetu huu huu wa Pwani, kwa mkataba wa Desemba 2018.

Misri haikungoja hisani. Ilikubaliana na Warusi kwamba kazi za Wamisri zianzie asilimia 20 kwenye kinu cha kwanza, zifike 35 kwenye cha nne.

Sisi bado hatuna kinu, ila urani ipo Namtumbo, na mwenye mradi ni Rosatom hao hao. Kibaha kuna viwanda vya nondo, Kisarawe vijana wanachomelea vizuri tu. Tatizo ni kwamba kwenye nyuklia kila nondo na kila kiungo lazima kiwe na karatasi za ukaguzi, na kiwanda kupata sifa hiyo huchukua miaka. Anayeanza siku ya kusaini mkataba ameshachelewa, ataambulia kuuza chipsi getini.