Baraka: kuvua na kutembea kando ya Ziwa Tanganyika

Mji wa Baraka, katika eneo la Fizi, Kivu Kusini, umekaa kwenye ghuba ya Ziwa Tanganyika inayokingwa na rasi ndefu ya Ubwari. Ramani huiita Ghuba ya Burton, kwa jina la msafiri Mwingereza aliyefika Ubwari mwaka 1858 akidhani ni kisiwa.

Ziwa hili halikutokana na volkeno. Ardhi ilipasuka na kudidimia katika Bonde la Ufa, ndiyo maana kina chake hufika mita 1,470. Duniani linazidiwa na Baikal la Urusi tu. Hata hivyo volkeno zina mkono wake humo: lava ya milima ya Virunga iliziba njia ya maji yaliyoelekea kaskazini, Ziwa Kivu likajaa, likafurika kusini, na mto Ruzizi ukayateremsha maji hayo hadi Tanganyika.

Trauti, samaki wa maji baridi anayevuliwa katika vijito na maziwa madogo ya Mlima Kenya, hawezi kukaa hapa. Joto la maji ya juu huwa nyuzi 24 na zaidi. Mwenye ndoano hutafuta kuhe, jamaa wa tilapia lakini mkubwa kuliko tilapia yeyote, ambaye dume na jike hulinda watoto wao pamoja. Vilindini wako sangala na mikeke, ambao Kigoma huitwa migebuka.

Ndakala, yaani dagaa, huvuliwa usiku. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, samaki hukusanyika chini ya mwanga, kisha wavu huinuliwa. Mikeke huja wakiwafuata ndakala. Mbalamwezi ikiwaka taa haina nguvu, kwa hiyo wavuvi hupumzika na kushona nyavu. Mgeni anayetaka kuona taa zikitapakaa ziwani achague siku za giza, na afike ufukweni alfajiri mitumbwi inaporudi.

Mchana kuna safari ya mtumbwi kwenda Ubwari, au ya barabara kupanda milimani hadi Fizi. Safari ya maji ianze asubuhi, hasa wakati wa kiangazi, maana upepo wa kusini huinua mawimbi makubwa. Kuoga kunafaa penye mawe na maji maangavu. Penye majani na maji yaliyotulia pana konokono wa kichocho, na matete ya midomo ya mito ni makao ya mamba na viboko.

Mambo mawili huulizwa kabla ya kuondoka. La kwanza ni usalama, kwani tangu vita vya 1996 njia za Fizi hufunguka na kufungwa. La pili ni kalenda ya uvuvi: mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na hatua kama hiyo hugusa ziwa lote, kwa kuwa samaki hawajui mpaka.